Hoteli Niliyoichagua Padova

Siku ya tatu ya aza, yaani matanga, ya mama mdogo Thuraya, wanawake wameanza kupungua ukumbini na kahawa imebaki chini ya mabirika, mjukuu wake Lamya alikuja akakaa karibu yangu na kunionyesha simu yake. Mama mdogo alikuwa mdogo wake mama yangu, na kwa kuwa mama ameshatangulia, mimi ndiye niliyewekwa kiti cha mbele kupokea mikono ya watu. Tangu asubuhi nilikuwa naitikia pole, na kila moja ilinikaa vibaya kama nguo ya kuazima. Lamya ni msichana wa chuo na haoni haya kuuliza jambo popote. "Shangazi," akasema, "hoteli mlokaa na Bibi kule Italia ndo hii?" Kwenye simu palikuwa na jengo jembamba la manjano, madirisha ya mbao ya kijani, na maua yaliyopangwa vizuri kuliko maua yanavyojipanga yenyewe. "Nataka nende likizo. Bibi akinihadithia kila siku. Akisema mlicheka sana." Nilimrudishia simu nikamwambia ndiyo, nadhani ndiyo hiyo, ila zamani rangi ilikuwa imebanduka. Sikumwambia kwamba aliyecheka ni mimi peke yangu.

Nitalisema jambo lenyewe mapema, kwa sababu sipendi hadithi zinazomficha msomaji kitu. Nimefichwa vya kutosha. Tulipokuwa katika hoteli ile, bibi yangu mzaa mama alifariki huku kwetu Oman, mjini Matrah. Alikuwa mama yake Thuraya. Mama mdogo alipewa habari siku hiyo hiyo, mimi sikupewa mpaka tuliporudi, na baina ya hapo tulilala chumba kimoja, vitanda vimeunganishwa, yeye ana msiba na mimi nina malalamiko. Hakuna aliyewahi kunilaumu. Kila niliyemweleza amenambia, "Wewe ulikuwa mgonjwa, ungejuaje?" Ni kweli, na haijanisaidia kitu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili na macho yangu yote mawili yalikuwa yanaharibika. Kioo cha mbele cha jicho, ambacho kwa watu wengine ni mviringo, changu kilikuwa kinachongoka, na miwani haikufaa tena. Nikitazama taa moja ya barabarani naona taa chungu nzima zimekaa shada. Mtu akinijia simjui mpaka aseme, na wengine walinituhumu kwamba najidai. Jicho la kulia lilikuwa limeharibika zaidi, likahitaji kuondolewa kile kioo na kuwekwa kingine, cha mtu aliyefariki. Baba akasikia habari za daktari mmoja wa Padova aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo, akaandikiana naye mpaka siku ikapatikana. Gharama za daktari zilimaliza akiba ya nyumba, kwa hiyo ilijulikana tangu mwanzo kwamba huko tutakakofikia patakuwa pa watu wa hali yetu. Swali likawa nani anipeleke. Mama angeweza, ila alikuwa hajui Kiingereza na usafiri ulikuwa ukimtia khofu. Ningeweza kwenda na baba. Mimi nikasema nataka mama mdogo Thuraya. Nilimtaka kwa sababu alikuwa mcheshi, alijua kuongea na watu, na ukiwa naye hata kusubiri kwenye foleni ya benki kulikuwa na raha yake. Bibi wakati huo moyo wake ulikuwa umeshaanza kuchoka, akipanda ngazi mbili anakaa. Mama mdogo alikuwa akija kila siku kutoka kazini kumkanda miguu, na nilipomtaja yeye, niliona, au tuseme nilisikia, kwamba alichelewa kujibu. Bibi ndiye aliyejibu kwa niaba yake. "Mpeleke mtoto. Mie nipo hapa hapa, siendi popote."

Hoteli tuliitafuta Hamriya, katika duka la intaneti lililokuwa chini ya nyumba aliyopanga mama mdogo, baina ya fundi cherehani na muuza vipuri vya mafriji. Siku hizi Lamya anachagua hoteli akiwa amelala chali kitandani. Sisi tulikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya kompyuta iliyokuwa ikipiga kelele kama blenda, nyuma yetu vijana wanapigana vita vya mchezo. Sikuweza kusoma chochote, kwa hiyo mama mdogo alinisomea maoni ya wageni waliotangulia, akiyageuza Kiswahili papo hapo kwa sauti ya mtangazaji. "Huyu asema kitanda chalia. Huyu asema mwenye hoteli mkali. Huyu asema lifti ni ya mtu mmoja na awe mwembamba. Huyu... subiri kwanza... asema kila chumba kina bide." Akapiga meza kwa kiganja. Bide ni lile beseni dogo la chini, pembeni ya choo, la kujitahirishia. "Wallahi hawa Wataliana ni watu wastaarabu! Nilidhani tutatembea na kopo kama wakimbizi!" Wale vijana walicheka na sisi tukacheka, na nakumbuka kuwa nilijisifu moyoni kwa kumchagua.

Lakini hoteli ya bide, iliyokuwa karibu na kituo cha treni, haikuwa chaguo lake. Yeye alikuwa ameona nyumba ya wageni ya masista, hatua chache tu kutoka hospitali, bei karibu sawa. "Hapa pana jiko, n'takupikia wali wako. Na kila chumba kina simu yake," alisema, na sauti ya mtangazaji ilikuwa imemtoka. "N'taweza kumsikia mama kila jioni. Kule kwenye hoteli simu ipo chini tu, kwa mwenyewe."

Nilimwambia sitaki kukaa na masista, nitajihisi nimeshakufa. Akasema masista ni watu watulivu, hawana tabu na mtu. Ndipo nilipotoa neno ambalo nilijua fika nguvu yake. "Na nikipofuka je, mama mdogo? Nataka nikae katikati ya mji. Nataka nione watu, nione hata hizo taa zilizokaa shada, kabla sijakatwa jicho."

"Usitamke kupofuka," alisema. Kisha nikasikia kidole chake kinabonyeza kitufe cha kompyuta. "Haya. Tutakaa utakapo wewe."

Tulifika Padova mwisho wa majira ya baridi. Hoteli ilikuwa na harufu ya nta ya sakafu na kahawa, na mwenyewe, bibi mmoja jina lake Ornella, alikuwa mkali kweli kama walivyosema wageni waliotangulia. Ufunguo wake ulikuwa umefungiwa donge la shaba zito ili usithubutu kutoka nao. Ukitoka lazima umkabidhi, ukirudi lazima umwombe. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya tatu. Vitanda viwili vimesukumwa pamoja vikawa kimoja, kabati lisilofunga, dirisha la kuelekea ua wa ndani ambako mtu wa jikoni alikuwa akiimba vibaya. Mji niliokuwa nautaka hausikiki hata kidogo kutoka pale. Mama mdogo alifungua mabegi, akatoa kila kitu ambacho mama yangu aliona Italia haina: tende, halwa, samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye foili, achari ya embe, maziwa ya unga, hiliki. Akagundua kwamba birika la umeme linaweza kuchemsha mayai. Asubuhi kwenye kifungua kinywa aliweka mikate miwili mkononi na minne kwenye mkoba, akimtazama Ornella machoni na kutabasamu kama mtu asiye na mkoba. Kila jioni alishuka mapokezi kupiga simu nyumbani kwa kadi, akirudi ananipa salamu za Bibi na masharti ya Bibi: nisinywe maji baridi, nisitoke nywele mbichi, nisikubali kupewa dawa bila kusoma Bismillahi. Siku zile chache za kabla ya operesheni zilikuwa siku za raha, na ndizo alizozibakisha akamhadithia Lamya.

Operesheni ilikwenda vizuri. Nilirudishwa hotelini nikiwa na ngao ya plastiki juu ya jicho la kulia, na la kushoto, ambalo nalo lilikuwa bovu, likinionyesha vivuli tu. Daktari alikuwa amenikataza kuinama, kunyanyua vitu, kufikicha, na kulia. Hilo la mwisho alilirudia mara mbili kwa kuwa alikuwa ameshaona wasichana wengi: nyuzi bado mbichi, nisilie kabisa. Nilimuuliza yule aliyenipa kioo chake ni nani, akasema hawaruhusiwi kusema. Basi nikajipangia kila baada ya sala nimwombee dua mtu yule nisiyemjua, kwa sauti, nikiona hilo ni jambo kubwa sana la utu. Mama mdogo alikuwa akiitikia "Amin" kutoka kitanda cha pili. Siku moja aliniitikia kwa nguvu mno mpaka nikashtuka, kisha akasema, "Waombee wote, Zuwena. Waombee wote walotangulia." Nikafikiri ni mawaidha.

Simu ilikuja asubuhi moja baada ya operesheni, tulipokuwa bado hatujashuka kula. Ornella mwenyewe alipanda kugonga mlango, jambo ambalo si kawaida yake, akamwashiria mama mdogo kwamba anaitwa chini. Mama mdogo alijifunga kanga juu ya gauni la kulalia, akanambia, "Bila shaka mama huyo, kakumbuka sharti jipya." Alikaa sana. Mimi nililala chali nikiwa na njaa, nikihesabu makosa ya hoteli: dirisha, kabati, yule mwimbaji. Aliporudi nilimuuliza Bibi kasemaje. Alikaa kitandani upande wake, kitanda kikalia. "Salama," akasema. "Wote salama. Wakusalimu." Nikamuuliza mbona umekawia hivyo, akasema simu ilikuwa ikikatika. Kisha akaniletea kifungua kinywa juu, mikate na jamu, na nilipogundua kwamba hakugusa cha kwake nikauliza kama hataki. Nikala na cha kwake.

Yaliyofuata nayajua kwa masikio tu, na hayo masikio yenyewe yalikuwa ya mtu anayejifikiria. Nilisikia anatawadha. Nilimwona, kivuli chake, amesimama kwenye msala karibu na kabati, na nikawa nangoja arukuu. Hakurukuu. Alisimama, akasema "Allahu Akbar," akakaa kimya, akasema tena, na tena, na mwisho akatoa salamu bila kuinama hata mara moja. Sala isiyo na rukuu wala sujudi ni moja tu, sala ya maiti, na mtoto wa madrasa anajua. Wanazuoni wanakhitilafiana kama inafaa kumsalia maiti aliye mbali. Mama mdogo siku ile hakumuuliza mwanazuoni. Mimi nilijua yote hayo na nikaamua kwamba nilisinzia katikati. Sijui kama kweli nilidhani hivyo au nilipendelea kudhani hivyo.

Baada ya hapo aliingia bafuni akafunga mlango, na maji yakaanza kwenda. Yalikwenda muda mrefu. Nilimwita mara moja nikitaka mto, hakusikia. Bafu zetu za Oman sakafu ina tundu, tunamwaga ndoo nzima ya maji na kusugua na kufukuza, ndivyo tulivyozoea tangu utotoni, maji hayatutishi. Bafu la Padova halikuwa na tundu. Alikuwa amefungua bomba la bide kwa nguvu zote ili nisimsikie, na kizibo chake kikajifunga, na maji yakajaa, yakashuka, yakajaa sakafuni, yakapita chini ya mlango mpaka kwenye zulia. Mimi niliyahisi kwa miguu niliponyanyuka. Wakati huo huo chini palikuwa na makelele, maana maji yalikuwa yameshapata njia ya dari ya chumba cha chini yetu. Ornella alikuja juu akitukana kwa Kitaliana. Nilifikiri mama mdogo alikuwa akiosha sakafu ya bafu kikwetu, na nikaona haya, na haya ilipogeuka hasira nikamwambia maneno niliyonayo mpaka leo: "Mama mdogo, umetuaibisha. Hawa watatuona washamba. Huwezi kukaa hata siku moja kama mtu?" Kisha, kwa sababu Ornella ghafla alikuwa amenyamaza, na mambo yalikuwa kama yamepita, nikaanza kucheka. Nilicheka nikishikilia ukuta, nikimwambia bide yake tukufu ndiyo imemponza.

Ornella alinyamaza kwa sababu mama mdogo alikuwa amefungua mlango wa bafu, na Ornella macho yake yalikuwa mazima. Ile simu ya asubuhi ilipokelewa mbele yake. Nilisikia watu wawili wanapiga magoti sakafuni, nikasikia mataulo yanakamuliwa, na sauti ya yule bibi mkali ikisema neno moja moja, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Hatukudaiwa zulia wala dari. Jioni alituletea supu mezani, kuku mtupu, hakuna nguruwe, aliapa kwa kugusa kifua, akaiweka mbele ya mama mdogo na si mbele yangu, na nilimnong'oneza mama mdogo kwamba mgonjwa hapa ni mimi.

Siku ya pili nilitaka kuongea na mama. Mama mdogo alijaribu kunizuia kwa ngazi, kwa baridi, kwa jicho, na mwisho akanishika mkono tukashuka. Mama alipokea. Nyuma yake nilisikia wanawake wengi na Kurani inasomwa. Nikauliza kuna nini hapo nyumbani. Mama akasema, "Kisomo, mwanangu. Tumesoma kisomo." Nikasema, "Cha mimi?" Akasema, "Tumekuombea na wewe." Nilifurahi mno. Nilimwambia asiwape watu maandazi matupu, awachinjie, jicho langu halistahili maandazi. Nikamwambia anipe Bibi nimhadithie mambo ya mama mdogo na gharika yake. "Bibi hawezi kuja kwenye simu," mama alisema, na hiyo ilikuwa kweli tupu, maana mama yangu alikuwa haongopi hata akibanwa. Halafu akasema, "Nipe Thuraya." Nikampa. Dada wawili hawakusema kitu kwenye simu ile. Nilisimama pale nikisubiri wamalize, nikadhani kadi imekwisha.

Tulikaa Padova mpaka daktari aliporidhika na nyuzi zake. Katika muda huo wote mama mdogo alinitia dawa ya matone kwa saa alizopangiwa, akanichana nywele, na tukitoka akanisimulia watu wanaopita katika uwanja wa mji ambao sikuweza kuwaona: huyu amevaa koti la mbwa wake, yule ameoa mke mrefu. Alikuwa akinichekesha kwa kazi. Nilimnung'unikia kwamba amepoa siku hizi, kwamba yule Thuraya niliyemchagua amebaki Maskati. Alinijibu kwamba ni baridi.

Waliniambia tulipofika nyumbani, Matrah, sebuleni, mama amenishika mikono yote miwili. Daktari alikuwa ameshanipa ruhusa ya kulia, na nililia kwa kelele. Jirani zetu wakasikia, na kwa kuwa kwangu mimi ilikuwa habari mpya, wakaja upya. Nyumba ilijaa. Walinikumbatia, walinisomea, walisema masikini mtoto kafikwa yuko ugenini. Katikati ya vilio vyangu, kwa jicho jipya ambalo lilikuwa limeanza kuona kingo za vitu, nilimwona mama mdogo anazunguka na birika la kahawa. Hakuwa ameketi hata mara moja. Alikuwa bado na baibui la safari. Mwanamke mmoja alimpokea kikombe akamwambia, "Wewe ushapoa, Thuraya. Yako ya siku nyingi." Mama mdogo akasema, "Alhamdulillahi," akaenda kwa mwingine. Ndiyo kusema alipotoka Padova alikuta aza ya mama yake imeshavunjwa, na ile ndogo iliyofufuliwa jioni ile ilikuwa yangu.

Miezi iliyofuata nilimkimbia. Kila mtu alisema jicho limefanikiwa, nilisoma mabango barabarani kama mtoto wa darasa la kwanza, nikaajiriwa kwenye ofisi ya bima Ruwi, na njia yangu ya kwenda na kurudi ilipita karibu na nyumba yake Hamriya nikawa nageuza kona. Nilijiambia ana shughuli. Kwa mama nilikuwa nasikia habari zake, na hazikuwa nzuri. Alikuwa akija Matrah kuwauliza watu. Nani alimwosha mama? Maji yalikuwa ya vuguvugu? Alisema nini mwisho, na alisema au alitaka kusema? Nani alimfumba macho? Wale waliokuwepo walijibu mara ya kwanza, na ya pili, kisha wakachoka. Niliwahi kumsikia mama mwenyewe, nikiwa chumbani na mlango uko wazi, anamwambia, "Thuraya, yashapita hayo mamangu. Kila siku watuchimbua. Sie tushalia, tumemaliza." Nilisikia viatu vya mama mdogo vinashuka ngazi. Ningeweza kutoka nikamfuata, na sikutoka.

Mwisho wa mwaka ule aliniita mwenyewe. Alimpigia simu mama akasema Zuwena aje ale kwangu Ijumaa, nna pweza. Nilikwenda, tukala, tukazungumza habari za ofisi yangu na za mwanawe aliyekuwa bweni. Baada ya chakula alitandika mkeka mbele ya dirisha, chini cherehani ya fundi imenyamaza kwa kuwa ni Ijumaa, akakaa amenielekea.

"Wewe ndo ulokuwa na mie," alisema. "Wengine wote walikuwa na mama, hawawezi kunambia kitu. N'takuuliza neno moja. Siku ile ya simu, nilikuwaje? Mie sikumbuki. Kuna saa nzima zimenipotea. Nililia? Nilisema kitu? Nambie tu, nijue kama nilimlilia mama yangu."

Nilikuwa na mwaka mzima wa kujitayarisha. Ningeweza kutunga. Angeniamini, maana alikuwa akinipenda. Lakini nilikuwa nimechoshwa na watu wanaofichana.

"Sijui, mama mdogo," nilisema. "Sikukutazama."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa na alishadhani hivyo. "Ulikuwa huoni," akasema.

"Kusikia nilikuwa nasikia. Sikukusikiliza."

Aliangalia mikono yake, akaanza kusema mwenyewe mambo ambayo sikujua kwamba yalikuwa bado yamo ndani yake. Kwamba waya wa simu ya mapokezi ulikuwa mfupi akasimama ameinama, na kwamba Ornella alimshika kiwiko kabla hata hajaelewa. Kwamba alitaka kupiga ukelele wa msiba wa kwetu, ule wa kufungua mlango wa nyumba, ukafika hapa, akagusa koo, akanikumbuka mimi niko juu nimelala chali. Kwamba miguu ya mama yake ilikuwa inapenda mafuta ya nazi yaliyopashwa, na siku ya kuondoka hakuyapasha kwa kuwa teksi ilikuwa inangoja. Hapo sauti ilikatika. Uso wake ulikunjamana mbele yangu, mchana kweupe, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na jicho zima la kuuona.

Machozi yakanijia mara moja. Nikaona, kwa jicho hilo hilo, kwamba ameshaliona tone linakusanyika. Mkono wake ulikwisha kunyanyuka, unakuja kwangu, kunifuta mimi, kuniuliza mimi vipi. Kule Padova kila siku mkono ule ulikuwa unakuja kwangu. Nikaushika nikaurudisha mapajani pake. Nikauma ulimi, nikatoa macho, nikayarudisha machozi yalikotoka, na nikakaa hivyo hivyo, uso mkavu, nikimtazama.

Alisubiri kidogo kuona kama nitaangua kilio. Alipoona sikiangui, akaanza yeye. Alilia mpaka adhana ya alasiri, na mimi sikulia.